Shikamoo ya Kliniki

Jumatatu, 2 Juni
Nisamehe, daftari. Tangu Pasaka sijakugusa. Wino wote unaishia mahakamani. Hakimu wa mahakama ya mwanzo kama mimi anaandika kila neno la shahidi kwa mkono. Nikirudi, mwanangu Pendo anataka ziwa na vidole vimekufa ganzi. Dada wa kazi kaondoka.
Leo kesi ya ng'ombe. Mzee Yohana wa Zombo anamdai Mzee Lemayani, mfugaji aliyehamia toka Msowero. Anasema mifugo ya mwenzake imemaliza mahindi yake; Lemayani anasema ng'ombe hao si wake.

Jumatano, 4 Juni
Nimempeleka Pendo kliniki. Kwenye benchi mzee na fimbo yake. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Mdomo umewahi kuliko macho: Mzee Yohana! Mwenye kesi kwangu. Nimejichukia siku nzima.

Alhamisi, 5 Juni
Karani hajamaliza kuita kesi, Mzee Lemayani kasimama. "Mheshimiwa, jana mwenzangu umempa shikamoo. Mimi nilikuwa hapo hapo, ukanipita kama nguzo ya umeme. Jitoe kwenye kesi hii." Watu wakacheka.
Kweli sikumwona. Lakini nikijitoa, jalada linaenda kwa hakimu wa Mikumi, kesi inaanza upya. Mzee Yohana na mguu wake mbovu hatafika. Atapoteza hivi hivi.
Nimeandika uamuzi: salamu si upendeleo, naendelea. Akasema atanilalamikia wilayani. Miaka mitatu kazini sina doa. Naogopa.

Jumapili, 8 Juni
Nimeacha kuamkia watu. Natembea nikitazama chini. Bibi mwenye nyumba kanidaka mlangoni: "Hakimu, siku hizi shikamoo inatozwa ushuru?" Mimi, niliyelelewa kwa kupiga goti! Hasira mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 10 Juni
Sokoni, Pendo mgongoni. Nachagua nyanya, namsikia: "Kamoo!" Sauti nzito ikaitika: "Marahaba, mjukuu wangu." Nikaijua: Mzee Lemayani. Sikugeuka. Nyanya nimechukua mbovu.

Alhamisi, 12 Juni
Mzee Lemayani: "Malalamiko sipeleki tena. Nyumba yako imeshaniamkia." Ukumbi mzima kicheko, na karani naye.
Nifurahi? Nimeudhika. Kurasa tatu za uamuzi, na vifungu vyake, hazikumwingia. "Kamoo" ya mtoto wa miaka miwili imemwingia. Basi nilisomea nini?
Nikawanyamazisha. Mashahidi wote wamesikilizwa.

Jumatano, 18 Juni
Hukumu. Ng'ombe ni wa Mzee Lemayani, alifidie shamba la Mzee Yohana. Nimesoma polepole, sikumkwepa macho.
Baadaye nimemkuta nje, anajifunga shuka vizuri aondoke. Miguu ilitaka kupita. Nikaikatalia.
"Shikamoo, mzee."
"Leo umeniona?"
"Nimekuona."
Kakaza kwanza fundo la shuka. Halafu: "Marahaba. Ila rufaa nakata."
"Ni haki yako, mzee."

Ijumaa, 27 Juni
Kakata kweli. Nimelifunga jalada kwa kamba, limekwenda wilayani. Huko watasoma mwandiko wangu wote, na ile shikamoo imo. Sawa.
Mchana umetulia. Pendo kalala.
Mama bado hajanitumia toka Mikumi: sweta la Pendo. Neti ndogo. Unga wa lishe. Kitenge cha kumbebea, hiki kimechanika. Na binti wa kukaa na mtoto, anayejua kuamkia.