Sanduku la Mama Mbombo

Kolwezi, Jumapili, 9 Machi 1986

Yaya Agnès, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye matope. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na macho yanawasha. Magoti yako je? Na mihogo, inapata jua la kukaukia na mvua hizi? Mado wangu hajambo huko kwa bibi yake? Umwambie baba yake amemtaja.

Barua yako nimeipokea mkononi mwa Mukalay wa gari moshi. Nilitaka kumkasirikia, maana ni yeye aliyekupelekea maneno kwamba mdogo wako, mtu wa miaka thelathini na nane, anashinda kwenye mchezo wa watoto. Lakini hakusema uongo. Nimempa kiti, tumekula.

Wacha nikueleze mwenyewe. Kazini mimi nachunga pampu inayotoa maji chini ya mgodi. Mbele yangu kuna kipimo chenye mshale. Mshale hautakiwi kusogea. Ukisogea ni hatari, usiposogea ni kazi nzuri, na hakuna anayekuja kukuambia asante kwa mshale uliotulia. Saa nane nzima ni hivyo. Nikitoka, naenda nganda ya Mama Mbombo, baa ndogo nyuma ya kituo cha gari moshi. Ana televisheni, na chini yake sanduku jeusi aliloachiwa na fundi mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Unashika kitufe, unazungusha, na kwenye kioo kijiti cheupe kinakwenda huku na huku kikipiga mpira mdogo. Juu kuna ukuta wa matofali. Mpira unayabomoa moja moja. Yakiisha, yanarudi yote. Basi, ndiyo hiyo.

Silewi. Siendi kwa wanawake. Sijagombana na mtu tangu mke wangu Henriette afe, na sasa ni miezi minane. Kabongo, jirani yangu, anabebwa kurudi nyumbani kila Jumamosi na watu wanamwita mwanaume. Mimi narudi kwa miguu yangu. Mama Mbombo peke yake ndiye anayenichokoza: "Tata Mwenze, ile kiti sasa iko na alama ya matako yako." Basi niambie, yaya, ubaya uko wapi?

Nisalimie mama mkwe.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenze

*

Kasaji, 2 Aprili 1986

Mwenze, mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Magoti ni yale yale, yananitangulia kujua mvua. Mihogo imeota ukungu nusu. Nawe paka macho maji ya chumvi asubuhi, usiyasugue.

Umeuliza ubaya uko wapi. Nimehesabu mistari ya barua yako. Sanduku umelipatia kumi na zaidi, mtoto wako umempa mmoja. Mimi si mwalimu, lakini hapo sikuhitaji mwalimu.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Wakwe zako wamekaa wakaweka siku ya kumaliza kilio cha Henriette: Jumamosi tarehe 14 Juni, mahindi yakishavunwa. Utakuja, watakuosha, watakupaka pemba, ule udongo mweupe, watakwambia uende ukaishi. Ukishafunguliwa unamchukua Mado, aanze shule huko Kolwezi mwezi wa tisa. Usipokuja, watasema umeikataa maiti yao, na mtoto atabaki wa kwao. Unajua ni hivyo. Mimi sitakuwa na la kusema.

Tena maneno ya Mukalay yamefika kwa wakwe pia. Mfiwa ambaye hajafunguliwa hagusi ngoma, hagusi karata wala bao la kisolo. Je, sanduku la televisheni? Walibishana mchana mzima, nilikuwepo. Wazee wawili walisema ni kama karata. Mmoja akasema hapana, karata unacheza na mtu, na huyu anacheza na ukuta. Mama mkwe wako akasema, "Hatuwezi kukataza kintu chenye bankambo, wazee ya zamani, hawakukiona." Wakacheka kidogo. Lakini mjomba wa Henriette, mzee Muamba, hakucheka. Alisema, "Kilio ni kilio. Kama mikono yake inacheza, moyo yake inafanya nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Njoo ulete wewe.

Yaya yako,
Agnès

*

Kolwezi, 27 Aprili 1986

Yaya,

Nimefurahi kusikia mko wazima wote. Mimi napumua. Maji ya chumvi yamesaidia kidogo.

Barua yako imenichoma, sikufichi. Mzee Muamba anauliza moyo wangu unafanya nini. Mwambie unapumzika. Nikirudi nyumbani naikuta beseni ya Henriette imeegemea ukuta pale pale alipoiacha. Viatu vyake viko chini ya kitanda, cha kushoto kimelala ubavu. Siwezi kukisimamisha na siwezi kukitupa. Nikikaa kwenye sanduku, kichwa kinanyamaza. Hakuna beseni, hakuna viatu, hakuna mtu wa kunipa pole. Ni mpira na kijiti tu. Ungekuwa mimi usingekaa?

Lakini umenizoesha kusema kweli, basi nitasema mbili.

Ya kwanza. Siku ya Pasaka nilitoka misa ya asubuhi nikapita kwa Mama Mbombo kidogo. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa linazama. Sikuwa nimekula. Padri alikuwa amenialika mezani pamoja na wafiwa wengine, sikuenda, na sikukumbuka hata kama nilialikwa.

Ya pili. Wiki iliyopita kazini nilikuwa naangalia mshale nikaona matofali. Matofali yale ya kwenye kioo, juu ya kipimo. Nilifumba macho nikafumbua, yakaondoka. Mshale ulikuwa umetulia, hakuna kilichoharibika. Ila niliogopa, kwa maana kama ungesogea nisingeuona, na chini kulikuwa na watu arobaini.

Nimeomba likizo, nimepewa siku nane. Nitapanda gari la Alhamisi, tarehe 12 Juni. Mwambie Mado avae gauni lolote, asichafue la kanisani kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Mwenze

*

Kasaji, 20 Juni 1986

Mwenze,

Sijui nianze kukuuliza hali kutoka wapi. Kama u mgonjwa, Mungu akuponye na unisamehe barua hii. Kama u mzima, isome mpaka mwisho.

Alhamisi tulikuwa kituoni tangu saa nne, mimi na Mado. Alivaa gauni la kanisani, alikataa lingine. Gari lilichelewa mpaka usiku, baridi ilikuwa kali, nikamfunika kitenge changu. Lilipofika akawa anaangalia kila mwanaume anayeshuka, halafu ananiangalia mimi niseme ndiye au siye. Ameanza kukusahau sura, Mwenze. Ana miaka sita, na mwaka ni mrefu kwake. Nilisema siye, siye, siye, mpaka hakukuwa na mtu tena.

Ijumaa tulisema labda lori. Jumamosi watu walikuja. Kuku walichinjwa, munkoyo ya kunywa ilikuwa tayari. Pemba ilikorogwa asubuhi kwenye sahani ya bati, ikawekwa katikati ya mkeka. Kufika saa tisa ilikuwa imekauka, imepasuka kama njia ya kiangazi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Mwishowe mzee Muamba akaishika sahani, akaimwaga nyuma ya nyumba, akaenda kwake bila kuaga.

Mimi nilisema uongo mbele ya watu. Nilisema kazi imekuzuia, pampu imeharibika. Mama mkwe wako aliniangalia tu, akaniambia nikae nile.

Sasa niambie nilisema uongo wa namna gani. Uongo uliogeuka kuwa kweli, au uongo tu?

Agnès

*

Kolwezi, 6 Julai 1986

Yaya Agnès,

Nakusalimu kwa heshima. Sikuwa mgonjwa. Ulisema uongo tu, na ni mimi niliyekutia ndani yake. Unisamehe.

Likizo nilipewa. Mfuko niliufunga Jumatano. Alhamisi nilikuwa kituoni mapema, mkuu wa kituo akatuambia gari halitoki kabla ya saa tisa. Nikasema badala ya kusimama kwenye vumbi nikangojee kwa Mama Mbombo, ni karibu, nitasikia honi. Nikaweka mfuko kati ya miguu, nikashika kitufe.

Watu watasema nililevywa na mchezo nikasahau. Mukalay naye ndivyo anavyodhani, amenionea huruma. Ningekubali iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini si hivyo. Honi niliisikia. Ilipigwa mara mbili. Mama Mbombo alitoka jikoni akaniambia, "Tata Mwenze, gari yako ile." Nikamjibu, "Nimesikia." Nikaendelea kucheza. Akasimama mlangoni na mwiko wake. Nilibomoa ukuta wote siku hiyo, mara ya kwanza kufika mbali vile. Nilipomaliza gari lilikuwa limekwenda.

Nitakwambia kwa nini, nawe usimwambie mtu kama hutaki. Wakinipaka pemba, Henriette amekwisha. Maana yake ndiyo hiyo, yaya. Wanamchukua maiti wao, wananiachia mimi maisha. Nisipooshwa, mimi bado ni mume wa mtu. Nilifikiri tangu Jumatano: nikirudi na mtoto, beseni itatumika. Mtoto atavaa ndala aingie chumbani, atauliza viatu ni vya nani.

Nilikuuliza ubaya uko wapi. Nimeupata. Lile sanduku halinilazimishi kitu. Lingenilazimisha ningelipiga teke. Linaniacha nikae. Siku nzima, mwaka mzima, linaniacha tu nikae, na nikiinuka sijazeeka wala sijalia. Kwa mtu mwingine labda ni mchezo. Kwangu ni mahali pa kutokuwepo.

Waambie ukweli wakwe zangu. Nimechoka kufichwa.

Mwenze

*

Kasaji, 3 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tuko. Mado alipata homa siku tatu, amepona, anakula sana. Jino moja la mbele limeng'oka.

Nimewaambia. Nilichukua barua yako nikawasomea, si yote. Pale pa viatu na beseni niliruka, hayo ni yako. Pale pa honi nilisoma.

Mzee Muamba alisema imekwisha, mtu aliyesikia akaitwa akakaa hana la kuombewa. Wengine walikuwa upande wake. Mimi niliinama. Ndipo mama mkwe wako, aliyekuwa anachambua maharage kana kwamba hasikii, akasema polepole, "Kumbe angali bwana ya mutoto yangu." Akarudia tena. Halafu akalia, Mwenze. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Akamgeukia kaka yake akamwambia, "We ulisema kilio yake ilikwisha. Yetu njo ilikwisha. Ya ule mutu bado."



Basi wamepatana hivi, na hili ni jipya, wazee wanasema halijafanyika. Hawatakuwekea siku nyingine hapa. Mama mkwe mwenyewe atapanda gari na pemba yake kwenye kitambaa, na Mado, kuja kwako. Atafika Kolwezi Alhamisi tarehe 21 Agosti. Ukiwa kituoni, atakuosha ndani ya nyumba yako, mbele ya beseni na viatu na chochote kilichomo. Usipokuwepo, hatakutafuta. Mzee Muamba amemwapisha mama mkwe: hataingia nganda kumwinua mkwe wake kwenye kiti, hiyo ni aibu isiyo na dawa. Watangoja hapo hapo kituoni, hata kwa siku nne, gari la kurudi la Jumatatu, na Mado hatasikia tena jina lako ndani ya ile nyumba.

Nimemwomba niende naye, amekataa. Amesema hilo ni kati ya mama na mume wa mtoto wake.

Mimi sikukatazi sanduku. Mtu mzima hachungwi kama mbuzi, na uchovu wako naujua, kazi yako naijua. Ukienda siku moja ukacheza ukacheka na Mama Mbombo, nitafurahi. Lakini ukiitwa, Mwenze, uinuke. Nilikuwa namtafutia mzee Muamba jibu tangu Aprili, na hilo ndilo nililolipata.

Yaya yako,
Agnès

*

Kasaji, Jumatatu, 25 Agosti 1986

Mwenze, mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima, nimechoka tu.

Hukuniandikia kunijibu. Wiki tatu kila gari lilipopita nilimuuliza Mukalay, naye alitikisa kichwa. Sikumtuma ujumbe wa mdomo. Nilisema ulilolisikia limetosha.

Gari la kurudi limefika leo mchana. Nilikwenda kituoni peke yangu. Nyumbani niliacha sufuria motoni, ugali, bukari ya watu watatu, na majani ya mihogo, maana mama mkwe wako angeshuka na njaa na aibu pamoja, na kwa hayo mawili dawa ni chakula tu. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia mtoto.

Nilisimama pale nilipokuwa nimesimama na Mado mwezi wa sita. Walishuka wafanyabiashara na magunia yao ya chumvi, askari mmoja, mama mwenye mapacha, wanafunzi. Nikawaangalia mmoja mmoja, nikajikuta nasema kwa sauti, siye, siye. Watu wakanitazama. Mabehewa yakaisha. Nikapanda mwenyewe nikapita ndani toka la kwanza hadi la mwisho, nikaangalia mpaka chini ya viti, mpaka mfagiaji akaniuliza nimepoteza nini.

Nikamwambia sijapoteza kitu.

Kama hawamo, basi uliinuka; usihangaike kuandika. Nimerudi nyumbani, nimepakua, nimekula bukari ya watu watatu peke yangu, mpaka ikaisha.

Yaya yako,
Agnès