Breki za Pijo Yako Nimezitengeneza

Baba Kabula,

Barua huanza kwa kuuliza afya. Yako nimekwisha kuiulizia kwa dereva wako, aliyeleta Pijo yako hapa gerejini, Kambarage, juzi. Amesema umenenepa, kwamba huko Rwamgasa dhahabu imekukubali na watu wanakuamkia njia nzima. Sikufurahi kusikia. Barua hii nimempa yeye, na nimemwomba akusomee barazani watu wakiwapo, kwa sababu ulilolifanya ulilifanya mbele ya watu.

Ulimtuma aniambie maneno mawili. La kwanza, kwamba breki zinapiga kelele na mafundi wa Geita wameshindwa, nawe unataka kufika harusini kwa binti yetu na gari zima. La pili, kwamba umekwisha kunisamehe maneno yangu ya zamani. Nilimwambia alirudie hilo la pili. Akalirudia, akiangalia chini. Kumbe mimi ndiye wa kusamehewa. Nilikaa juu ya tairi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa na Landrova moja kuukuu na spana za kuazima, nami nina mimba ya Kabula. Breki hazitolewi upepo na mtu mmoja: mwingine lazima akae kwenye usukani akanyage pedali, wewe uko chini ya gari unafungua na kufunga. Hukuwa na mtu, ukaniita mimi. Uso wako sikuuona, nilisikia sauti tu. "Kanyaga. Kanyaga. Shikilia hapo hapo." Ulizunguka gurudumu hadi gurudumu, na pedali ikawa inapanda na kuwa ngumu chini ya mguu wangu. Nilikupenda siku hizo, Baba Kabula. Naliandika hilo ujue kwamba nakuchukia huku nakufahamu vizuri.

Halafu Masanja, mdogo wangu, akaja kutoka Songwa kutuendeshea ile Landrova. Ndipo ilipoletwa gerejini Pijo ya kwanza yenye breki za diski, ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, na nyinyi wawili mkabishana kutwa. Ulichuchumaa ukaitazama, ukasonya. "Breki gani hii imekaa uchi? Vumbi la Shinyanga litaitafuna." Ukasema dramu ndiyo breki ya nchi hii: imefunikwa kama chungu, viatu vyake vinasukuma kwa ndani, ukiegesha mlimani gari linakaa, na laini ya viatu hivyo ikiisha tunagonga nyingine kwa ribiti hapahapa, wakati pedi za diski utazingojea kutoka Dar es Salaam mpaka uote mvi. Masanja hakuwa mtu wa haraka kusema. "Lakini shemeji, iliyo uchi inapoa na inakauka upesi. Dramu ikishakunywa maji mtoni, unakanyaga hapa inashika kule." Mkacheka wote. Kusema kweli kila mmoja wenu alikuwa sahihi, na gereji hii nimeiendesha miaka yote kwa maneno yenu nyote wawili.

Ukaja mwaka wa vipuri kuadimika. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele kushoto la Landrova yetu ukaanza kuvuja mafuta, na mwingine haukupatikana mji mzima. Dawa ya siku hizo kila fundi aliijua: bomba la gurudumu hilo unalikunja na kuliponda kwa nyundo mafuta yasipite, gari linakwenda na breki tatu. Kwa hilo sikulaumu. Lakini ukishaziba gurudumu unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na unamwambia dereva kwa mdomo wako, ili aende polepole na ajue gari litamvuta upande mmoja. Desturi hiyo ulinifundisha wewe.

Siku ile ulizunguka magurudumu matatu tu. Nilikuwa kwenye pedali nikakuuliza la nne. "Hilo liko sawa," ukasema. Kitambaa hukufunga. Pamba ilikuwa inangoja Kishapu, na ulijua Masanja akiambiwa atakataa mzigo mzito.

Alivuka mto, dramu zikanywa maji. Ng'ambo, kabla hazijakauka, akakutana na kundi la ng'ombe barabarani. Alipokanyaga ikashika ya kulia peke yake, gari likamvuta mpaka korongoni, akafa hapohapo.

Msibani, mama yangu amekaa chini, ulisimama ukawaambia watu kwamba Masanja alikuwa amelewa. Masanja ambaye hakugusa hata togwa iliyolala. Landrova ilipovutwa kurudishwa uani niliingia chini yake mwenyewe, nikalikuta bomba lililopondwa, nikalikata na kulipeleka kwa wazee. Ukatabasamu kwa upole. "Mvumilieni, ana uchungu. Mwanamke anajua nini kuhusu breki?" Wakakuamini. Mama akaacha kumtaja mwanawe mbele ya majirani, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Kabla mwaka haujaisha ukaenda zako. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilifika mpaka Rwamgasa.

Sasa Pijo yako. Mbele ina diski, nyuma ina dramu, kana kwamba aliyeibuni aliwasikia mkibishana. Pedi zilikwisha zamani, chuma kilikuwa kinasaga chuma, ndiyo kelele uliyoisikia. Nyuma, vumbi la machimbo limejaa ndani ya dramu, nawe hukujua, maana dramu haisemi kitu mpaka uivue. Nilizivua zote. Dereva wako alikaa kwenye pedali. Nilipofika gurudumu la mbele kushoto nililishika bomba lake kwa vidole, na nyundo ilikuwa karibu na mkono.

Sikufichi, nilikaa pale muda. Bomba ni laini, mapigo mawili matatu linalala. Nilikuona korongoni, nikaona raha moyoni.

"Mama Kabula, niachie?" dereva akauliza.

"Bado, baba. Shikilia."

Yeye ndiye angekuwa kwenye usukani, mtu mwenye adabu, naye ana dada zake mahali fulani. Lakini si yeye peke yake aliyenizuia, usije ukadhani nimeingiwa na huruma. Niliona kwamba ukifa njiani utakufa na jina zuri. Watu hawamsemi marehemu vibaya. Sijapata kumwona aliyefanya hivyo ila wewe.

Kwetu binti hatoki bila mjomba wake kusimama, hilo unalijua. Upande wa bwana harusi watauliza mjomba yuko wapi, na baba wa binti ndiye wa kujibu. Mama yangu atakaa mbele. Alinishika mkono akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, nataka nimsikie kwa masikio yangu kabla sijafa." Wazee walewale nimewaita, na madereva wa mji huu, ambao wote sasa wananiletea mimi magari yao, nimewaonyesha lile bomba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kabula anajua yote, na amesema hatatoka ndani mpaka umejibu mjomba wake alikufaje. Utasema kwa sauti, mbele yao. Usipokuja, huko kutokuja ndiko kutakuwa jibu lako, na kila mtu ataelewa.

Kwa hiyo nimeweka pedi mpya. Diski zimekwanguliwa mashineni. Laini za dramu nimezigonga ribiti kwa mkono wangu, na upepo nimeutoa magurudumu yote manne. Nimelijaribu gari mwenyewe, kwenye vumbi na kwenye maji, likasimama bila kuvuta upande wowote. Sijapata kutengeneza breki nzuri kama hizi, hata kwa mtu ninayempenda. Safiri kwa raha zako, usiogope mteremko wala ng'ombe. Nataka ufike.

Ni mimi, Mama Kabula,
dada yake Masanja