Picha na Mama Mkwe

Bulanj, ndugu yangu! Huyu bosi mpya hana akili. Nakuapia, hana! Anawauzia watalii mila zetu, na hata moja haijui.

Tumepiga kambi hapa mtoni. Si akanivuta nisimame bega kwa bega na mama mkwe wangu! "Sogeeni mpige picha, nyinyi si familia?"

Picha. Na MAMA MKWE. Mtu ambaye hata kumtazama au kumsemesha ni mwiko!

Nikageukia mti. Mama mkwe akamgeukia mbwa wangu: "We mbwa, mwambie bwana wako, huyo bosi wake kakanyaga kiota cha sisimizi wakali."

Bosi akacheka mpaka machozi. "Jamani, bibi anaongea na mbwa!"

Anaongea na mbwa, eti! Mimi kimya. Mbwa kimya.

Sasa anayepigwa picha na watalii wote ni yeye, suruali mkononi.