Ugonjwa Wanaosema ni wa Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika kaka zangu wote na mke wangu wa kwanza, Koleta. Mnyauko ulimaliza migomba yote hapa Rugera, yangu ikasimama. Leo nimepalilia kahawa mpaka jua kali. Paskazia, mke niliye naye, karudi kutoka hospitali. Wameona kirusi kwenye mlango wa kizazi. Kinapita kwa kulala pamoja. Jumatano ya wiki ijayo watamchoma kwa kifaa cha moto palipoanza kuharibika, kabla hapajawa saratani.

Kalala na nani? Anasema na mimi tu. Mwongo.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfukuza. Yuko Bweranyange kwa kaka yake, Deusi. Nimedai rubisi, pombe yetu ya ndizi, dumu zima. Kwetu mwenye kosa ndiye hubeba pombe kwenda kuomba radhi. Deusi kanijibu kwa simu, "Shemeji, kapimwe na wewe kwanza."

Mjinga. Mimi sijaumwa hata jino.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda hospitali nipewe cheti kwamba niko safi. Nesi kaniamkia vizuri, kisha kasema kipimo hicho cha wanaume hawana. Nimegomba mpaka wagonjwa wote benchini wakageuka. Nesi akaendelea:

"Babu, wengi tunakipata. Mwanaume anakaa nacho miaka, haumwi popote. Nani kampa nani, hakuna ajuaye. Bibi hana kosa."

Halafu kauliza kama niliwahi kuwa na mke mwingine, na alikufa kwa ugonjwa gani.

Damu. Ilimtoka ukeni mpaka akaisha. Tulisema karogwa.

Nimerudi kwa miguu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikwenda. Binti yangu kapiga simu: Paskazia hataki kuchomwa. Anasema akienda, watu watasema mume alisema kweli.

Namchukia Deusi. Namchukia nesi. Hasira imejaa na sina wa kumpiga nayo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebeba dumu la rubisi begani, kilima chote cha kwenda kwa Deusi. Kijana gani wa leo anaweza? Nimelitua mbele ya majirani.

"Shemeji, si ulisema tulete sisi?"

Nikamwambia anywe, anyamaze. Paskazia kafunga mzigo wake.

Jumatano, 12 Machi

Kachomwa. Haikuchukua muda. Wamesema tusilale pamoja wiki kadhaa, na atapimwa tena.

Jioni nimemenya ndizi mwenyewe. Atakayebisha kwamba dumu nililibeba mimi amuulize Deusi, rubisi kainywa. Atakayebisha ndizi, amuulize Paskazia. Kakaa hapa jikoni, ananitazama ninavyoziharibu.