Sikuapa El Paso

Kwa kaka yangu Nazario,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Mgongo unaendeleaje huko kwenye visima vya mafuta? Sisi wazima, ila nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sitaki kazi ya kliniki ya meno jeshini. Nataka kuzima moto.

Najua utacheka. Mimi ambaye hata mkahawani wewe ndiye huniagizia chakula. Lakini hukuwepo Machi, nyasi zilipowaka kwenye ranchi ya mzee Bledsoe. King'ora cha mji kilipolia, shangazi Eusebia, na uzimamoto wake wa kujitolea, aliacha unga wa mikate ya tortilla mezani, akaniambia nipande gari la zimamoto nimshikie redio. Kaka, yule mama anayepiga chafya akifagia aliingia kwenye moshi kama anaingia uani kwake. Mzee Bledsoe akagoma kuondoka bila ng'ombe wake. Shangazi akamwambia kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza asije akasingizia hakuelewa, kwamba ng'ombe wana akili, wameshakimbia, aliyebaki ni yeye. Mzee akapanda garini. Nilimtazama shangazi, nikajua ninachotaka kuwa.

Baba naye anaujua moto kwa kifua cha dada yake, maana tangu siku ile shangazi anakohoa. Ndiyo maana sajenti wa kuandikisha aliposema alama zangu za mtihani zinanifungulia kazi yoyote ya Jeshi la Anga, Baba alijibu kabla yangu: meno. Akasema hajasikia mtu aliyeunguzwa na jino. Nikaitikia kama kawaida yangu. Kesho yake nikamrudia sajenti peke yangu, tukaandika zimamoto juu kabisa kwenye orodha ya kazi ninazoomba.

Jumanne kule El Paso, kwenye kituo cha kuandikisha askari, baada ya kupimwa afya, afisa akasema nafasi ya zimamoto haipo. Eti nitie saini mkataba usiotaja kazi, nitapangiwa nikiwa mafunzoni. Wengi hukubali, halafu wanajikuta wanagawa mablanketi stoo. Kijana mmoja wa Odessa akaninong'oneza, "Saini, bibie, tuna njaa. Au unasubiri wakuwashie moto wako binafsi?" Lakini nikasema sisaini mpaka kazi yangu iandikwe. Wenzangu wakainua mikono kuapa. Mimi nikabaki koridoni na shati alilonipigia Mama pasi.

Kwa hiyo, kaka, bendera ya nyumba yenye mtoto jeshini ambayo Mama ameitundika barazani ni ya askari ambaye hayupo. Wanadhani nimeapa, tena kwa kazi ya meno, na kwamba nangoja tu siku ya kwenda mafunzoni. Sasa sajenti amepiga simu: imepatikana nafasi moja ya zimamoto, anataka jibu kesho asubuhi. Nimetimiza miaka kumi na minane, sihitaji ruhusa ya Baba. Lakini sitaki kuondoka kwake kama mwizi.

Nilikaa kuandika ili nikuombe umwambie wewe. Nimefika hapa nikaona siwezi kukutwika hilo. Shangazi hakumtuma mtu moshini.

Msalimie wifi Rosaura, umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Dada yako akupendaye,
Ofelia

Nasikia buti za Baba ukumbini, zinakuja huku. Karatasi naificha chini ya mto. Haya yote namwambia mimi mwenyewe, sasa hivi, kabla hajakaa.