Debe la Uwele

12 Septemba 2023

Shikamoo Babu, mwizi wa mke wangu,

Natumaini u mzima, wewe pamoja na mke wangu Dorkas, unayeishi naye miaka yote hii bila idhini yangu. Mimi sijambo, ila baridi ya Marekani imeshaanza kunitafuta.

Nina habari njema. Chuo kimenipa ualimu msaidizi katika idara inayofundisha historia za watu wa makabila na rangi mbalimbali: Weusi, wenyeji wa asili, wahamiaji. Profesa anafundisha ukumbini, halafu mimi nachukua kikundi changu, tunajadili, nasahihisha kazi zao. Kazi hiyo ndiyo inayonilipia masomo na chumba. Ikiondoka, na mimi naondoka.

Halafu usicheke. Mwenzangu wa ofisi moja ni Msukuma wa Maswa, anaitwa Paschal. Nimevuka bahari nzima nikamkuta mtani wetu sisi Wanyaturu!

Mjukuu wako,
Nathan


Ilongero, 3 Oktoba 2023

Marahaba, kijana usiye na haya,

Sisi tu wazima. Mvua bado, ng'ombe wamekonda, na mke wangu (wangu, si wako) anakusalimu. Barua hii Jenifa wa duka la dawa ataipiga picha akutumie, maana hizo simu zenu mimi siziwezi.

Hongera sana kwa kazi. Huyo Msukuma usimwache apumue. Kila asubuhi mwambie: mtumwa wangu, tulikununua kwa debe la uwele, na debe lenyewe halikujaa. Ndivyo nilivyokuwa nawapokea Wasukuma wote kwenye mnada wa ng'ombe, na hakuna aliyewahi kununa.

Koti langu la kaki liko msumarini. Siku nikifa utalivaa, utembee mguu upande kama mimi, ukohoe, uwatukane waliokuja msibani. Hiyo ndiyo kazi ya mjukuu. Anza mazoezi.

Babu yako,
Alute


20 Februari 2024

Shikamoo Babu,

Hamjambo huko? Mimi nimepata balaa.

Paschal aliingia darasani kwangu kuchukua chaja. Nikampokea kwa maneno yako, naye akapiga magoti: "Bwana wangu, niongezee uwele!" Tukacheka wee. Wanafunzi wakauliza kuna nini, nami kwa kiherehere changu nikawatafsiria, nikidhani ni somo zuri la utani. Kuna binti mmoja Mweusi, ambaye juzijuzi tu alitusimulia jinsi bibi wa bibi yake alivyouzwa akaacha mtoto mchanga. Alikusanya vitu vyake akatoka. Sijawahi kuona uso kama ule, Babu.

Amelalamika, na ana haki ya kuumia. Lakini kamati ya chuo inakaa baada ya Pasaka, na kazi yangu iko mikononi mwao. Nakuomba uandike, mtendaji wa kata agonge muhuri, kwamba utani wetu ni upendo tu na hakuna mtu aliyewahi kununuliwa. Mstari huo mmoja utaniokoa.

Mjukuu wako,
Nathan


Ilongero, 11 Machi 2024

Marahaba mjukuu wangu,

Pole sana. Bibi yako hali vizuri tangu asikie.

Nimeshika kalamu nikaiweka chini mara nyingi. Huo mstari siwezi kuuandika. Mama yangu mzazi alitolewa. Ilikuwa mwaka wa njaa kali, yeye ni mtoto wa kuchunga ndama. Baba yake alimpeleka Usukumani, akarudi na debe la uwele. Wadogo zake wakala, wakapona. Yeye alirudi mtu mzima, Kinyaturu kimempotea, wanawake wanamcheka kisimani.

Alipofariki, watu wa nyumba ile ya Usukumani walikuja. Mmoja akakaa juu ya udongo wa kaburi, akasema mtumwa wetu hazikwi mpaka mturudishie debe letu. Msiba mzima ukacheka. Yeye mwenyewe alikuwa analia, maana walikua pamoja, alikuwa akimwita dada.

Basi sisi tukaugeuza utani huo. Tukasema sisi ndio tulionunua. Sikukwambia kwa sababu nilitaka wewe ucheke tu.

Peleka barua hii badala ya huo mstari. Na kabla ya kamati nenda kwa yule binti, si ofisini, ukamwombe radhi.

Babu yako,
Alute


19 Aprili 2024

Shikamoo Babu.

Barua yako ilifika. Kwenye kamati sikuipeleka. Nikasimame mbele ya wazungu niwaambie sisi wenyewe tulimtoa mtoto wetu kwa nafaka? Nilikuomba mstari mmoja tu.

Kazi imekwisha. Muhula ukiisha narudi Dar, kuna rafiki atanipa pa kulala. Kwa sasa msinitafute.

Nathan Alute


Ilongero, 30 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi kifua kimebana, nakunywa dawa za Jenifa. Tumesikia uko Dar tangu mwezi uliopita.

Kwenye barua yako umeniamkia vizuri, lakini hukunitania hata neno moja. Hilo limeniuma kuliko yote. Nitukane, Nathan. Niite mwizi. Niite mzee aliyekupotezea kazi, maana ni kweli nimekupotezea, maneno yale yalikuwa yangu.

Koti bado liko msumarini. Sijaligusa hata na baridi hii ya sasa, nakutunzia. Usipokuja wewe, watanizika kimya kama mpita njia.

Babu yako,
Alute


Dar es Salaam, 25 Agosti 2024

Shikamoo, we mzee mwizi, mguu upande, unayekohoa mpaka kuku wanakimbia,

Hujafa tu? Umemchosha mke wangu.

Nilikaa na barua yako kwa aibu, Babu. Nilishindwa nianzie wapi. Namba hii ndiyo mpya.

Kabla sijaondoka kule nilimpelekea yule binti barua yako ya Machi. Nilimtafsiria nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Hakusema amenisamehe. Aliuliza tu mama yako aliitwa nani, nami sikujua. Nikaondoka.

Nakuja Jumamosi. Mwambie mke wetu anipikie ugali wa uwele na mlenda. Koti litoe nje lipigwe jua, nipate kulijaribu nikiwa mbele yako, uone ninavyokuiga vizuri.

Mjukuu na mume mwenzio,
Nathan


Ilongero, 28 Agosti 2024

Mume wangu Nathan,

Anayeandika ni Jenifa, mimi nasema tu. Ujumbe wako ulipoingia kwake, yeye alikuwa mjini. Alipoleta maneno yako tulikuwa tumeshatoka kumzika babu yako. Tulikupigia sana kwenye ile namba ya zamani.

Tulichelewesha mazishi mpaka jua likainama. Wanaume walibaki kutazamana, hakuna aliyetania. Koti tumemzika nalo, kwa kuwa hapakuwa na wa kulivaa.

Nikaagiza barua yako isomwe mbele ya watu. Walicheka sana. Na mimi nilicheka, mume wangu, kisha nikaingia ndani.

Jumamosi njoo hivyo hivyo. Na huyo binti mwandikie: mama mkwe wangu alizaliwa akaitwa Stumai. Kule walimpa jina la Minza, na mpaka anakufa hilo ndilo alilokuwa akiitika.

Mke wako,
Dorkas