Kompyuta Haikujua Kama Nimeigusa

Jumapili, Mafinga. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa. Leo hatupasui mbao. Nimechoka uchovu ule ambao usingizi hauutoi.

Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: mama anione.

Mdogo wangu Anyisile, anayekaa naye Ilomba kule Mbeya, aliniambia mama ameanza kusahau watu. Jina langu bado analo, ila hakuna ajuaye ni mpaka lini. Simu yangu ni kitochi, haina picha. Ndiyo maana nilinunua kompyuta hii iliyotumika kwa mwanafunzi mmoja wa Iringa. Inatumia Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Mimi wa darasa la saba nimejifunza polepole, kwa kusoma maelekezo ya watu mtandaoni.

Tulipanga Anyisile apige saa nane, wakishatoka kanisani.

Asubuhi kile kibao cha chini ya vitufe, unachopitisha kidole ili mshale utembee, kikagoma. Nikazima, nikawasha. Nikabonyeza kitufe cha kukifunga na kukifungua. Nikaandika amri ya kuuliza kama mashine inakiona. Ikajibu inakiona, kiko kazini. Nikakipakia upya. Kimya. Kuandika naweza, lakini ili kupokea simu ile lazima mshale ufike kwenye alama ya kijani.

Mama Ester, anayetupikia hapa kambini, alikuwa anamenya viazi na kunisikiliza ninavyotukana.

"Mzee Amba, unagombana na nani?"

"Hiki kibao kimekufa."

Akafuta mkono kwenye kitenge, akaweka kidole. Mshale ukakimbia kama kuku aliyefunguliwa kamba.

"Kibao kizima. Wewe ndiye umeota magome."

Nikatazama vidole vyangu. Hapa kwenye dingdong, ndivyo tunavyoiita mashine ya kupasulia magogo, utomvu wa paina hautoki kwa sabuni. Tunanawa kwa dizeli, kisha tunasugua kwa maranda. Jana nilisugua kupita kiasi, nikitaka niwe safi mbele ya mama. Ngozi imekauka, imekuwa ngumu kama soli, na kibao hakiihisi tena.

Baba alikuwa na mikono hii hii.

Miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa, alikuwa akivunja kokoto. Jumapili mama alimfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, maana vidole vyake havikuvihisi. Sisi watoto tulicheka kwa kujificha. Nyumba ilinuka moshi, ndizi za kuchoma na mafuta ya kichwa ya mama. Baba alichukua kaa la moto jikoni kwa mkono mtupu, akawashia sigara, akatukonyeza. Tuliona hakuna mwanaume kama yeye duniani.

Labda hakuhisi hata mashavu yetu alipotushika.

Saa nane kompyuta ikaita. Nikampigia kelele Mama Ester. Akaja mbio, akainama kubonyeza, kwa hiyo uso wa kwanza mama kuuona ulikuwa wake.

"Ugonile, mwanangu," mama akamsalimia kwa Kinyakyusa, kisha akageuka kwa Anyisile. "Kumbe Ambakisye kaoa huko huko!"

"Hajanioa, mama! Nimemwazima kidole tu!"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Nikasogea mimi. Akasogeza uso mpaka ukajaa kioo kizima.

"Ambakisye. Mbona umezeeka kuliko mimi?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Tukaongea kidogo, mama akachoka. Anyisile akaegesha simu kwenye kabati ili ampeleke akajilaze, na akaisahau pale. Mama Ester amesharudi kwenye viazi vyake.

Peke yangu siwezi kuikata. Naandika haya huku pembeni ya kioo nikiona bati la jikoni kwetu, jeusi kwa moshi. Nasikia sufuria. Nasikia mama, hajalala kumbe, anauliza chumvi imewekwa wapi.

Kitufe cha kuzima mashine nakijua kilipo, na hicho hakichagui kidole.

Acha bando liishe lenyewe.